Sura ya Sita: Kitufe Kisicho na Jina

Muulize mtu asiyeona anayetumia kompyuta kila siku ni kitu gani kinamchosha. Mara nyingi atakutajia neno moja: "button". Amefungua programu ya mauzo ya duka au ya mahudhurio ya shule, anabonyeza Tab kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na sauti inamwambia "button", halafu "button", halafu "button" tena. Mwenye macho anaona picha ya diski, ya printa, ya pipa la taka. Aliyetengeneza programu hakuweka majina nyuma ya picha hizo, basi kisomaskrini, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hakina la kusema. Mtumiaji anabaki kukariri: cha tatu ni kuhifadhi, cha tano ni kufuta, na Mungu amnusuru siku toleo jipya litakapopangua mpangilio.

Skripti ndiyo dawa ya kero hiyo. Ni maagizo mafupi ambayo mtumiaji hukiandikia kisomaskrini chake: tukiwa ndani ya programu hii, tukikuta kitufe chenye namba hii, sema "Hifadhi". Nikibonyeza hivi, nisomee jumla iliyoko chini ya dirisha. Tangazo lile linalojirudia kila dakika, linyamazie. Programu yenyewe haiguswi hata kidogo. Kinachobadilika ni namna inavyosomwa. Ndiyo maana hata programu ambayo kampuni yake ilishafunga milango, na hakuna wa kumwandikia barua, bado inaweza kufanywa isomeke.

Sura hii inamhusu anayetaka kuanza kuandika skripti naye haoni, na inamhusu zaidi anayetaka kumfundisha. Msimamo wangu nautaja mapema: mwanafunzi huyu anaingia darasani na ujuzi ambao mwenye macho hana. Anaisikiliza kompyuta kwa kasi ambayo mgeni akiisikia hudhani mashine imeharibika. Anajua yuko wapi ndani ya dirisha bila kuliona. Anajua kwa uzoefu tofauti ya kitufe, kisanduku cha tiki na orodha. Kinachomkwamisha ni masomo yaliyotungwa kwa ajili ya macho: picha za skrini zisizo na maelezo, video ambamo mwalimu anasema "bofya hapa, halafu hapa", na vitabu vinavyoonyesha kosa kwa rangi nyekundu.

Kazi yenyewe imetoka mikononi mwa wasioona na watu waliokaa nao karibu. Miaka ya 1980, katika kampuni ya IBM, Jim Thatcher alitengeneza kisomaskrini cha kompyuta za DOS akishirikiana na Jesse Wright, mwanahisabati asiyeona aliyekuwa amemsimamia katika masomo yake ya udaktari. Kisomaskrini hicho kilikuwa na lugha yake ndogo iliyoitwa PAL, ya kukieleza kila programu isomwe vipi. Maana yake wazo la skripti lina umri unaokaribia ule wa visomaskrini vya kompyuta ndogo. Tangu mwanzo ilieleweka kwamba hakuna kisomaskrini kimoja kitakachozijua programu zote za dunia, na kwamba mtu wa mwisho, yule aliyekaa mbele ya kibodi, apewe uwezo wa kumalizia kazi.

Ted Henter wa Marekani alikuwa mwendesha pikipiki za mashindano hadi mwaka 1978, alipopoteza macho katika ajali ya gari. Akasomea kompyuta, na mwaka 1987 akaanzisha kampuni pamoja na Bill Joyce huko Florida. Kisomaskrini chao, JAWS ya DOS, kikatoka mwaka 1989, na JAWS ya Windows mwaka 1995. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliungana na nyingine mbili, ikazaliwa Freedom Scientific, na jina la Henter-Joyce likatoweka sokoni. Ndani ya skripti halikutoweka. Anayefungua skripti ya JAWS leo atakutana mapema na faili liitwalo hjconst.jsh, na zile herufi mbili za mwanzo ni za Henter na Joyce.

Kisha mwaka 2006, Australia, Michael Curran akaanza kuandika kisomaskrini kiitwacho NVDA. Akaungana naye James Teh, rafiki aliyefahamiana naye utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Wote wawili hawaoni. Kilichowaudhi ni bei: kisomaskrini kilikuwa kinaweza kugharimu kuliko kompyuta yenyewe. Chao wakakitoa bure, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote kuusoma, na sehemu yake kubwa wakaiandika kwa Python, lugha inayofundishwa leo kuanzia shule za sekondari hadi vyuo vikuu.

Msomaji wa Mombasa ana jina lake pia katika habari hii. EdSharp, kihariri cha maandishi kilichotengenezwa makusudi kwa wanaoandika programu kwa kusikiliza, ni kazi ya Jamal Mazrui, ambaye naye haoni, mwana wa Profesa Ali Mazrui wa Mombasa. Kihariri hicho si kipya, lakini kimewapitisha wengi katika hatua zao za kwanza.

Sasa tufike kwenye swali ambalo walimu hubishana: mwanafunzi aanze na lugha ya JAWS au Python ya NVDA?

Kwa sikio, lugha ya JAWS ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Skripti nzima ya kwanza inaweza kuwa hii:

Script Salamu ()
SayString ("Habari ya asubuhi")
EndScript

Kila kinachofunguliwa kinafungwa kwa neno linalotamkika. If inafungwa na EndIf, While na EndWhile, Function na EndFunction. Ukisikiliza mstari hadi mstari unajua umeingia wapi na umetoka wapi, kwa sababu umeambiwa. Mwandishi anafungua kidhibiti cha skripti kwa Insert na 0, anaandika, anabonyeza Control na S. Kama kuna kosa anaambiwa na kishale kinapelekwa karibu na lilipo. Mzunguko huo ni mfupi, na anayeanza anahitaji mzunguko mfupi.

Python haikutengenezwa kwa sikio. Ndani yake mpaka wa kila sehemu unaonyeshwa kwa nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Mwenye macho anaona ngazi. Msikilizaji asipoandaliwa hasikii chochote. Mistari miwili inaweza kusomwa kwa sauti ileile kabisa, mmoja ukiwa ndani ya sharti na mwingine nje yake, na programu ikafanya mambo tofauti. Wanafunzi wengi wasioona walioambiwa kwamba "Python ni rahisi" walikwama hapa wiki ya kwanza, wakadhani tatizo ni akili zao.

Dawa ipo, na ni ya dakika chache. Kwenye mipangilio ya NVDA, sehemu ya umbizo la maandishi, kuna chaguo la kutangaza nafasi ya mwanzo wa mstari kwa maneno, kwa milio, au kwa vyote viwili. Ukichagua milio, kila mstari unaoingia ndani zaidi unapewa mlio wa juu zaidi. Baada ya muda mfupi mtu anasikia umbo la programu kabla hajasikia maneno yake. Mimi hushauri anayeanza atumie maneno na milio kwa pamoja, kisha maneno ayaondoe mwenyewe yakianza kumkera. Jambo la pili ni kutumia Tab badala ya nafasi nne. Dunia kubwa ya Python imezoea nafasi nne, lakini NVDA yenyewe, msimbo wake wote, imeandikwa kwa Tab. Kusikia "2 tab" ni kujua uko ngazi ya pili. Kusikia "8 space" ni kupewa hesabu ya kugawanya wakati una mambo mengine kichwani.

Pamoja na hayo yote, huku kwetu ningeanza na NVDA. Sababu ni fedha na muda. JAWS isiyolipiwa hufanya kazi dakika 40, kisha lazima uzime kompyuta na kuiwasha ndipo upewe dakika 40 nyingine. Muda huo unatosha kuonja programu. Kwa mtu anayesaka kosa lake la kwanza hautoshi, na mara nyingi utakatika pale alipokaribia kulipata. Mwenye leseni kazini kwake, au chuoni, aanze na JAWS bila wasiwasi. Mawazo atakayojifunza yatahamia upande wa pili karibu yote.

Somo la kwanza lisianze na "kigeu ni nini". Lianze na kero aliyokuja nayo mwanafunzi. Mwambie aje na programu moja inayomuudhi na kitufe kimoja kisicho na jina. Tuseme ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi, na programu ya mauzo inaitwa duka.exe. Kitufe cha kulipia kinasomwa "button" basi.

Afike juu ya kitufe hicho. Akiwa hapohapo, abonyeze ufunguo wa NVDA, ambao kwa kawaida ni Insert, pamoja na Control na Z. Linafunguka dirisha la kuongea na NVDA kwa Python. Hapa pana ujanja mzuri wa watengenezaji wake: kabla dirisha halijafunguka, NVDA hukumbuka ulikuwa umesimama wapi na kukihifadhi kitu hicho kwa jina focus. Bila hivyo, kufungua dirisha kungekuondoa kwenye kitu ulichotaka kukichunguza. Sasa aandike:

focus.name

Jibu litakuja kuwa hakuna kitu. Amethibitisha kwa mikono yake kwamba jina halipo, kwamba masikio yake hayakumdanganya. Aandike tena:

focus.windowControlID

Apate namba, tuseme 1004. Aulize focus.windowClassName, aulize focus.parent.name, aulize jina la programu kwa focus.appModule.appName. Akitaka kuyapitia majibu taratibu, F6 inamhamisha kati ya sehemu ya kuandika na sehemu ya majibu. Mpe muda hapa, hata kipindi kizima. Mtu aliyekaa miaka na kisomaskrini akipokea tu anachoambiwa, leo anakihoji. Kwa macho yangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote yanayofuata, na mwalimu anayelipita mbio ili afike kwenye "programu ya kweli" anatupa nusu ya faida yake.

Baada ya hapo ndipo faili linaandikwa. Katika mipangilio ya juu ya NVDA kuna kisanduku cha kuruhusu msimbo wa mtumiaji usomwe kutoka folda ya majaribio iitwayo scratchpad. Ndani yake kuna folda ya appModules. Faili linapewa jina la programu: programu ni duka.exe, faili ni duka.py. JAWS nayo inafuata kanuni hiyohiyo, duka.jss. Jina likikosewa herufi moja hakuna kosa litakalotangazwa. Faili litakaa kimya tu, maana linaisubiri programu isiyokuwepo. Katika faili hilo:

import appModuleHandler

class AppModule(appModuleHandler.AppModule):
	def event_NVDAObject_init(self, obj):
		if obj.windowControlID == 1004:
			obj.name = "Lipa"

Ahifadhi, kisha abonyeze ufunguo wa NVDA na Control na F3 ili nyongeza, pamoja na faili hilo, zisomwe upya. Arudi kwenye programu ya mauzo, apige Tab mpaka afike. "Lipa button." Programu ambayo jana ilikuwa ukuta imetamka neno la Kiswahili alilolichagua yeye.

Sasa ndipo maneno ya vitabuni yanapopata pa kukaa. Kwa nini kuna alama mbili za usawa kwenye mstari wa tano na moja kwenye wa sita? Kwa sababu ule wa tano unauliza na ule wa sita unaamuru. Mwambie afute moja kwenye mstari wa tano aone NVDA itakavyokataa. Nini obj? Ni kitu chochote ambacho NVDA imekutana nacho ndani ya programu hiyo, naye alishakihoji kimoja kwa jina la focus. Kila swali lina mahali pake, kwa sababu mwanafunzi ameshagusa kitu kabla hujampa jina lake.

Si programu zote zina tabia njema ya kuwa na namba zisizobadilika. Za zamani za Windows kwa kawaida zinazo. Mpya nyingi zinatumia kitambulisho cha aina nyingine, na kurasa za intaneti zina utaratibu wake kabisa. Hayo yasubiri. Chagua programu ya zamani kwa somo la kwanza hata ikibidi kuitafuta.

Kuna hofu moja ambayo mwalimu mwenye macho haifahamu mpaka aelezwe. Anayeona akiandika programu mbovu, programu inakwama na yeye anaiona imekwama. Asiyeona akiandika skripti mbovu, anaweza kupoteza sauti yenyewe anayoitegemea kurekebisha kosa. Anabaki mbele ya kompyuta iliyo kimya, hajui kama imezima, imeganda au inasubiri. Mtu aliyepatwa na hilo mara moja akiwa peke yake usiku anaweza asirudi tena. Kwa hiyo kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, fundisha kutoka hatarini. Ufunguo wa Windows na Control na Enter huwasha Narrator, kisomaskrini kilichomo ndani ya Windows yenyewe, hata NVDA ikiwa imezirai. Control na Alt na N huwasha NVDA upya. Ufunguo wa NVDA na Q huleta kidirisha chenye chaguo la kuiwasha bila nyongeza yoyote. Afanye mazoezi haya mpaka vidole viyajue bila kufikiri, na ayafanye wakati hakuna kilichoharibika.

Kisha, na hapa wenzangu wengine hawakubaliani nami, mwache aipoteze sauti makusudi ukiwa naye. Mfano mzuri ni huu. NVDA hukuruhusu kufanya jambo lako kila unapohamia kitu kipya, kwa mfano kupiga mlio (juu ya faili, chini ya import ya kwanza, ongeza import tones):

	def event_gainFocus(self, obj, nextHandler):
		tones.beep(440, 50)
		nextHandler()

Mstari wa mwisho ndio unaoiambia NVDA iendelee na kazi yake ya kawaida, yaani kutangaza ulipofika. Ukiusahau, utasikia mlio na baada yake kimya, kila unapopita ndani ya programu hiyo. NVDA haijafa, umeizuia mlangoni. JAWS ina mtego wa aina hiyohiyo: ukiandika FocusChangedEvent yako bila kuiita ile ya msingi, programu inanyamaza. Mwanafunzi aufute mstari ule kwa mkono wake, asikie kimya, atoke kwenye programu hiyo asikie sauti imerudi, arudi kwenye faili aurudishe. Kimya kikimjia tena peke yake kitakuwa na maelezo.

Maandalizi ya sikio yanahitaji maneno machache. Katika kusoma barua, hakuna anayetaka kusikia kila mkato na mabano. Katika msimbo, mabano yaliyokosekana ndiyo kosa lenyewe. Ufunguo wa NVDA na P hupandisha kiwango cha alama mpaka zote zisomwe. NVDA inakubali wasifu tofauti kwa kila programu, basi tengeneza wasifu wa kihariri peke yake: alama zote, nafasi za mwanzo wa mstari, na sauti ya polepole kidogo kuliko ya kawaida. Mwenye mashine ya nukta nundu aitumie, hasa kwa kukagua herufi na alama. Wengi hawana, na ukosefu wake usiwe kisingizio cha kuchelewa kuanza.

Kuhusu lugha ya sauti, jaribu jambo ambalo vitabu vya wenzetu haviwezi kukueleza. eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Isomee msimbo kwa Kiswahili uone. Neno name itakutamkia na-me, na role itakuwa ro-le, herufi kwa herufi kama zilivyoandikwa. Mwanzoni inachekesha. Lakini kwa mtu ambaye amelisikia neno hilo maisha yake yote kwa matamshi ya Kiingereza na hajawahi kuliandika, sauti hii inampa tahajia bure. Wapo watakaoikataa na kurudi kwenye sauti ya Kiingereza siku hiyohiyo. Wape nafasi ya kuchagua.

Mwalimu naye ajipange. Usiongee wakati kompyuta inaongea. Mwanafunzi ana masikio mawili, lakini lugha mbili kwa pamoja hazimsaidii. Usiseme "mstari ule wa juu"; sema mstari wa tano, unaoanza na if. Na kibodi usiiguse. Najua inauma kuona mtu akitafuta mabano kwa dakika tatu wakati wewe umeyaona tangu alipoanza, lakini kumnyang'anya kibodi ni kumfundisha mtu kupika huku umemfungia nje ya jiko. Akimaliza kutafuta atakuwa amejifunza njia yake ya kutafuta, na njia hiyo si lazima ifanane na yako. Wengine husoma faili kutoka chini kwenda juu. Wengine hutumia amri ya kutafuta kwa kila kitu na hawapiti mstari hadi mstari kamwe. Wengine hukumbuka faili lote kichwani, jambo ambalo mwalimu mwenye macho hulishangaa kuliko inavyostahili.

Makosa yasomwe, yasiogopwe. NVDA huandika kila kosa katika kumbukumbu yake, na ufunguo wa NVDA na F1 huifungua. Kwa anayeanza ni shehena ya Kiingereza inayotisha. Mfundishe aruke mpaka mwisho wa taarifa, kwa maana kwa Python jina la kosa lenyewe huwa mstari wa mwisho, na namba ya mstari wenye tatizo huwa juu yake kidogo. Vitu viwili hivyo vinatosha. Katika mipangilio ya juu kuna chaguo la kupiga mlio kila kosa linapoandikwa. Liwashwe, ili kosa lisipite kimyakimya akadhani mambo ni shwari.

Mradi wa pili uwe mkubwa kidogo: amri moja ya kusoma jumla ya mauzo bila kuondoka pale mteja anapohudumiwa. Hapo atajifunza kutafuta kitu ambacho hajasimama juu yake, kupanda kwa mzazi (kitu kinachokibeba) na kushuka kwa watoto wake, na kuifunga amri kwenye kibodi. Atagundua pia kwamba ukikifunga kitufe cha kibodi ambacho programu inakihitaji, umekimeza, mpaka ukipitishe kwa gesture.send(). Baada ya hapo hahitaji sura ya kitabu. Anahitaji msimbo wa wengine wa kuusoma, na wa NVDA wote uko wazi.

Aambiwe ukweli pia kuhusu mipaka. Kuna programu ambazo dirisha lake zima ni picha iliyochorwa. Ndani yake hakuna vitufe vya kuhoji, na skripti haina pa kushika. NVDA inaweza kujaribu kuzisoma kwa kutambua herufi kwenye picha, kwa ufunguo wa NVDA na R, ila huo ni msaada wa dharura. Na skripti huvunjika. Programu ikibadilisha namba ya kitufe katika toleo jipya, "Lipa" inarudi kuwa "button", au mbaya zaidi, jina linahamia kwenye kitufe kingine. Kwa vitufe vinavyofuta au kutuma fedha, asitegemee namba peke yake. Skripti ihakikishe pia aina ya kitu na dirisha lilipo kabla ya kukipa jina.

Ujuzi huu una soko. Benki, vituo vya huduma kwa wateja na ofisi za serikali zimejaa programu za ndani ambazo hakuna kampuni ya nje itakayozifanyia kazi, na katika nchi za wenzetu wapo watu wanaoishi kwa kuandika skripti za kazini. Hapa kwetu mtu mmoja ofisini anayeweza kuzifanya programu hizo zisomeke anaweza kumwokoa mwenzake asiachishwe kazi kwa kisingizio kwamba "mfumo haumruhusu".

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji atakayefika mahali pa kuandika skripti yake mwenyewe. Ndani ya faili, juu ya kila sehemu, andika kwa Kiswahili inafanya nini na kwa nini, kwa sentensi kamili zinazosikika vizuri zikisomwa kwa sauti. Kisha mpe mwingine, bure. Halafu mwandikie aliyetengeneza programu, umtajie kitufe, namba yake na jina kinalostahili. Kwake ni kazi ya mstari mmoja, na akiifanya, skripti yako haitahitajika tena.